Nilifunga Launji kwa Sekunde 52

Hii nimeiandika na kuifuta mara nne, kwa hivyo leo ikitoka vile iko, itoke tu.

Video yangu iliyotazamwa kuliko zote ilikuwa ya sekunde 52. Watu 410,000. Wengi wenu mlinijua kupitia hiyo. Ni ile nimesimama kwenye daraja la miguu la Waiyaki Way, Expressway iko nyuma yangu, nasema kuna shirika la ndege linafuta njia tatu na kufunga launji yake pale JKIA. Halafu nikamalizia na ile sentensi mliigeuza stika: "Matajiri, karibuni steji, mathree ya 34 iko na nafasi."

Haikuwa kweli. Na mtu aliyeumia hakuwa tajiri. Alikuwa Anti yangu, ambaye nalala kwake.

Shirika sitalitaja, hata mkijaza ujumbe huko ndani. Nilishalitaja mara moja na hiyo ndio shida yenyewe.

Kwa wageni: nina miaka 22. Nilikuja Nairobi kusoma uanahabari, nikamaliza semista tatu, karo ikagoma, na mimi nikagoma nayo. Anti, dadake mama, alinipatia kona ya sebule yake hapa Kangemi na hakuwahi kuniuliza nitatoka lini. Yeye hufanya kazi kwenye launji moja JKIA. Si ya kuketi, ya kupanga vikombe. Anapanga chai, anaosha glasi, anatoa sahani, anapanguza meza kabla mtu hajaiona chafu. Ameajiriwa na kampuni ya kandarasi, si na shirika la ndege, na hiyo tofauti mtaiona mbele.

Shifti ya asubuhi, gari la kazi linamchukua saa tisa usiku. Mimi saa hiyo ndio nakata video. Tumezoea kupishana mlangoni. Ananiambia, "Lala, baba," na mimi namwambia, "Safari njema, Anti," na tunacheka kwa sababu kila siku anaenda airport na hajawahi kupanda ndege.

Sasa, hiyo Jumatano. Ilikuwa katikati ya Oktoba 2025. Nilikuwa town, nimesimama Archives, nangojea msee aliyeazima taa yangu. Simu ikalia. Kwenye kikundi kimoja cha WhatsApp, mtu ametuma picha ya karatasi. Iko na nembo, iko na saini, inasema kwamba "kutokana na hali iliyopo" safari za njia tatu zinasitishwa na launji itafungwa mpaka tangazo lingine. Chini yake mtu ameandika: "Iko moto, imetoka ndani kabisa."

Manze, damu ilichemka. Mnajua ile hisia ya kupata kitu kabla ya wengine? Nilikuwa na wiki tatu bila video yoyote ya kuvuka watu elfu mbili. Bando ilikuwa inaisha. Na hiyo mada ilikuwa na kila kitu: ndege, matajiri, siri, na sisi wa chini kucheka.

Siwezi sema sikuthibitisha kabisa. Nilithibitisha, lakini vile mtu huthibitisha kitu anachotaka kiwe kweli. Niliingia apu ya tiketi, nikatafuta njia moja kati ya zile tatu. Jumanne iliyofuata ndege ipo. Jumanne ya kwanza ya Novemba, hakuna. Ya pili, hakuna. Nikapiga picha ya skrini, nikasema, ushahidi ndio huu. Nikapanda 23, nikashuka Westlands, nikarekodi mara mbili, nikapandisha kabla jua lizame.

Kufikia saa nne usiku ilikuwa imepita elfu themanini. Niliamka kila nusu saa kuangalia. Kuna mtu aliandika, "Hatimaye mtu anasema ukweli." Nilipiga hiyo komenti picha. Bado ninayo.

Anti alirudi kesho yake saa kumi jioni. Kawaida akifika anavua viatu, anakaa, anaitisha maji. Siku hiyo alikaa na viatu. Akatoa simu, akaiweka mezani, uso wangu ukiwa kwenye skrini umesimama katikati ya neno.

Akaniambia, "Ungeniuliza. Tunaishi nyumba moja."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Halafu akafungua ile picha ya karatasi, akaikuza kwa vidole viwili, akasema, "Hii naijua. Hii ilibandikwa ukutani pale jikoni tunapooshea vyombo. Ni ya 2020."

Tarehe ilikuwa imekatwa. Mtu alikata juu ya picha, mahali tarehe hukaa, na mimi sikuuliza kwa nini barua rasmi haina tarehe. Nilisomea uanahabari semista tatu. Nadhani somo la tarehe lilikuwa mwaka wa tatu, mimi sikufika.

Mnakumbuka Machi 2020. Serikali ilisimamisha ndege za abiria za kutoka na kuingia nchini kuanzia usiku wa tarehe 25. Za kimataifa zilirudi 1 Agosti. Sisi wengi tunaikumbuka kama likizo ndefu ya shule. Kwa Anti ilikuwa ile karatasi. Wale wa shirika waliambiwa habari ya mishahara. Wale wa kandarasi waliambiwa watapigiwa simu. Yeye alikaa miezi mitano akingoja simu, akishona barakoa na kuuza mandazi hapa nyuma ya soko. Mimi nilikuwa shags nikifikiri Anti wa Nairobi ako sawa. Hakuwahi kuniambia. Nilijua siku ile, kwa sababu nilikuwa nimeichukua ile karatasi, nikaifanya kichekesho.

Na ile Jumanne ya kwenye apu? Hiyo pia alinieleza, akiwa bado na viatu. Kila mtu anayefanya kazi airport anajua hii kitu, na mimi mwenye "kufichua" sikuijua. Ratiba za ndege duniani zina misimu miwili. Moja inaanza Jumapili ya mwisho ya Machi, nyingine Jumapili ya mwisho ya Oktoba. 2025 iliangukia tarehe 26. Siku hiyo hiyo Ulaya wanarudisha saa nyuma. Kila msimu ukibadilika, shirika linapanga upya: mahali abiria wamepungua inaondoa safari, mahali wameongezeka inaongeza, na siku zinahama. Ile ndege ya Jumanne ilikuwa imehamia Jumatano. Ningesogeza kidole siku moja mbele ningeiona.

Kidole kimoja, watu wangu.

Launji nayo ilikuwa inafungwa kweli. Wiki tatu, kubadilisha zulia na kurekebisha jikoni. Abiria wangeelekezwa nyingine. Notisi ilikuwa mlangoni pale, na tarehe ya kufungua imeandikwa.

Kwa hivyo ukiangalia, kila kipande nilichosema kilikuwa na kitu ndani. Karatasi ilikuwa halisi. Ndege ya Jumanne ilikuwa haipo kweli. Launji ilikuwa inafungwa kweli. Nilichukua vipande vitatu vya ukweli nikavishona nguo ya uongo. Hiyo ndio inaniogopesha mpaka leo, kwa sababu sikuhisi kama nadanganya hata sekunde moja.

Mtaniuliza, sasa mbona watu laki nne waliamini? Kwani sisi ni wajinga? Hapana. Mkenya akisikia ndege zinapunguzwa anaamini kwa sababu ameshaona. Wacha niwapatie historia kidogo, na si kwa sababu ndio shirika nililotaja, ni kwa sababu ndilo tunalolijua sote.

Kenya Airways yenyewe ilizaliwa 1977 kwa sababu East African Airways, iliyokuwa ya nchi tatu tangu 1946, ilivunjika. Yaani tulianza na kufungwa kwa kitu. Mwaka wake wa fedha wa 2015 ilitangaza hasara ya shilingi bilioni 25.7, uliofuata bilioni 26.2. Mwaka 2016 iliuza nafasi yake ya kutua Heathrow kwa Oman Air, dola milioni 75. Oktoba 2018 ikaanza kwenda New York moja kwa moja kila siku, tukajaa fahari, na haikuchukua muda ikapunguzwa mpaka mara tano kwa wiki. Julai 2020 hisa zake zikasimamishwa sokoni, zikarudi Januari 2025. Ikapata faida ya bilioni 5.4 kwa mwaka wa 2024, ya kwanza kwa zaidi ya mwongo mmoja, tukashangilia. Halafu nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara ya takriban bilioni 12, na sababu kubwa ni kwamba Dreamliner tatu kati ya tisa zilikuwa zimekaa chini, zikikosa injini na vipuri.

Ukiwa umeishi na hizo habari, mtu akikuonyesha karatasi yenye nembo, wewe utabisha nini?

Lakini angalia tena hiyo historia polepole, vile Anti alinifanya niangalie. Kuuza ile nafasi ya Heathrow hakukumaanisha kuacha London. Ndege ziliendelea kwenda. New York kupunguzwa hakukumaanisha New York kufutwa. Kufuta njia ni kitu kimoja. Kupunguza safari ni kingine. Kubadilisha ndege kubwa kwa ndogo ni kingine. Kuhamisha siku ni kingine kabisa. Sisi wa mtandaoni tuna neno moja tu la zote nne: "wamefunga." Kwa sababu "wamefunga" inaingia kwenye kichwa cha video, na "wamehamisha Jumanne kwenda Jumatano kwa sababu ya msimu" haiingii.

Sasa nifike kwa kile kilichofanya nisilale.

Anti ako kwenye chama. Wamama 14 wa hapa Kangemi, wanakutana Jumapili baada ya kanisa. Binamu yangu alikuwa gredi ya tisa, anafanya mtihani, na Januari alikuwa anaenda gredi ya kumi, shule ya bweni. Anti alikuwa ameomba mkopo wa 45,000. Orodha ya mikopo ilikuwa inapitishwa Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Mnajua chama kinavyofanya kazi. Hakuna karatasi ya mshahara, hakuna hati ya shamba. Dhamana ni kwamba tunajua unafanya kazi wapi. Na sasa video ilikuwa imezunguka kwenye kikundi cha chama, imetumwa mara mbili, na kila mama pale alijua mambo mawili: launji ya Anti imefungwa, na aliyesema ni mtoto anayelala kwake. Nani angebisha? Walidhani Anti ndiye aliniambia. Walidhani ndio ile "imetoka ndani kabisa."

Jina lake likasogezwa chini. Kwa heshima, bila maneno mabaya. "Tungoje kidogo tuone hiyo kazi itaendaje."

Nilirekodi video ya kurekebisha siku hiyo hiyo Anti aliponieleza. Sikuifuta ile ya kwanza mara moja kwa sababu niliona kufuta ni kama kujificha, kwa hivyo niliandika marekebisho juu yake na kupandisha mpya. Ile ya kwanza, 410,000. Ya marekebisho, 11,000. Komenti ya juu kabisa ilisema, "Wamekulipa ngapi?" Ya pili: "Blinki mara mbili kama umetekwa." Ilipata laiki nyingi kuliko video.

Hapo ndio nilielewa kwamba neno likitoka halina gari la kurudi. Uongo wangu ulipanda Expressway. Ukweli wangu ulipita chini, kwa jam.

Kwa hivyo nilifanya kitu ambacho sikuwa nimewahi kufanya: nikaenda kwa miguu. Jumapili nikavaa shati, nikaenda kwenye chama. Wamama 14, viti vya plastiki, chai kwenye thamosi. Nikasimama nikasema, hamjambo wamama, mimi ndiye yule wa video. Nikaeleza karatasi ni ya 2020, nikaeleza msimu, nikaeleza zulia. Nikasema Anti hakuniambia chochote, nilijiambia mwenyewe. Miguu ilikuwa inatetemeka kuliko siku yoyote mbele ya kamera.

Mweka hazina ni mama mzee, hapendi kelele. Alinisikiza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa kijana, tushike ya juzi ama ya leo? Zote umesema wewe, na zote umesema na uso ule ule."

Sikuwa na jibu. Bado sina. Mwenye alinijibia ni Anti. Alitoa simu akawaonyesha picha ya ile notisi ya mlangoni, tarehe ikionekana. Alikuwa ameipiga siku ya kwanza. Ilikuwa kwenye simu yake wakati wote, mita mbili kutoka kwa kitanda changu.

Walimpatia 20,000. Nyingine wakasema baada ya Krismasi, launji ikifunguliwa. Binamu yangu aliripoti shule akiwa amechelewa wiki mbili. Kitanda cha karibu na dirisha alichokuwa ameahidiwa na rafiki yake kilikuwa kimechukuliwa. Najua ni kitu kidogo. Aliniambia akicheka. Lakini mimi najua bei ya hicho kitanda: ni sekunde 52.

Halafu kuna hili la "matajiri." Anti aliniuliza mara moja, tukipika, "Kwani unafikiri launji ni ya nani?" Nikasema ya wenye pesa. Akasema, "Wenye pesa wanakaa pale saa mbili. Mimi nakaa saa kumi." Njia ikifutwa kweli, tajiri anapitia Addis ama Dubai, anachelewa kidogo, analalamika. Lakini kuna mtu wa kuosha glasi, kuna wa kubeba mizigo, kuna dereva wa teksi anayelala kwenye gari pale maegesho, kuna mama anayewauzia wote chai nje ya geti. Kuna maua ya Naivasha yanayosafiri tumboni mwa ndege, chini ya miguu ya huyo tajiri. Nilicheka nikiangalia juu, kumbe nacheka watu wangu.

Mtu asinielewe vibaya. Sisemi tunyamaze mpaka makampuni yatoe taarifa. Mara nyingi wanatoa wakiwa wamechelewa, na kwa lugha ya kuficha. Uvumi hukua mahali watu wamezoea kuambiwa mwisho. Kama Anti na wenzake wangekuwa wanaambiwa mapema na kwa barua, karatasi ya zamani isingetisha mtu. Tuulize. Tuulize kwa nguvu hata. Lakini kuuliza kuna alama yake mwishoni, na mimi sikuiweka.

Siku hizi nikipata kitu, kabla nirekodi najiuliza matatu. Karatasi ina tarehe? Nikikosea, nani analipa? Na kuna mtu ninayemjua, yuko ndani, ninayeweza kumpigia simu kabla jua lizame? La tatu ndilo gumu zaidi, kwa sababu mara nyingi jibu ni ndiyo, na sitaki kupiga kwa sababu nitaharibiwa stori.

Launji ilifunguliwa. Zulia ni la kijivu, Anti anasema linaonyesha kila tone la kahawa. Yeye alirudi. Kama kila mtu alirudi, hilo sitaandika. Nilimsomea hii posti yote jana usiku kabla gari lije, na akaniambia nitoe aya mbili. Nimetoa. Zilikuwa nzuri, zilikuwa za kweli, na zilikuwa na watu ndani ambao wangejulikana. Zingenipatia hizo laki nne tena, pengine zaidi.

Alivaa viatu, akasimama mlangoni. "Lala, baba."

"Safari njema, Anti."

Hizo stika za mathree ya 34, kama bado uko nazo, zifute bana. Na kama uliwahi kutuma ile video kwa kikundi chochote, tuma hii pia. Haitafika mbali vile, najua. Tuma tu.